Majibu Niliyowafundisha Watoto

Mtafiti alifika kwetu mwezi wa saba, wakati upepo wa Ufipa unapopasua midomo na watu wanapopukuchua mahindi upande wa nyumba wenye jua. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Mbeya, mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa na barua yenye muhuri wa wilaya. Barua ilisema anachunguza jinsi watoto na familia zao wanavyoendelea baada ya msiba mkubwa. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma mara mbili, akaikunja, akamleta kwangu.

"Mwalimu, mgeni huyu anawataka watoto wa lori," aliniambia. "Wewe ndiye unayewajua."

Nilikuwa katekista wa kigango chetu, mbele ya Mollo ukielekea ukingo wa mlima. Nilikuwa nimefundishwa dini Kaengesa tangu ujana, na kwa miaka mingi kila mtoto wa kijiji aliyebatizwa alipita mikononi mwangu. Kweli niliwajua. Ndivyo nilivyoamini.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa mahindi. Kila mwenye lori aliweza kufika kwetu, akanunua magunia, akapakia na abiria juu yake. Wanawake wetu, ambao zamani waliuza maharage hapo hapo kijijini, walianza kushuka bondeni hadi gulio la Mtowisa, wakarudi na mchele na samaki wakavu. Tulimshukuru Mungu kwa sabuni, kwa chumvi, kwa sweta za mitumba walizovaa watoto, na mimi nashukuru bado, maana nakumbuka miaka ya kufulia majivu. Lakini mwezi wa nne, mvua zikiwa hazijakatika, lori moja lililokuwa linapanda kutoka bondeni lilishindwa kwenye kona, likarudi kinyumenyume, likapinduka. Wiki ile tulichimba makaburi tangu Jumapili hadi Jumatano. Wengi tuliowazika walikuwa akina mama.

Kati ya waliopona alikuwepo msichana wa miaka tisa. Alikuwa amekaa juu ya magunia pamoja na mama yake. Mama alifariki palepale. Mtoto alichubuka goti. Tangu siku hiyo aliishi na bibi yake mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Baba yake alikuwa na shamba la mpunga Mtowisa na hakuwa amepanda kwetu tangu matanga. Mtoto huyu alikula alichopewa, aliteka maji, alifagia, na hakumsumbua mtu. Alisema kidogo sana. Watu walimsifu kwa utulivu wake, na mimi nilikuwa wa kwanza kumsifu.

Mtafiti alikuja na madodoso, karatasi za maswali zilizopigwa chapa kwa Kiswahili. Watoto wetu nyumbani walizungumza Kifipa, Kiswahili kilikuwa cha shuleni, kwa hiyo aliniomba nitafsiri. Tukakaa kanisani siku tatu, yeye mezani na kalamu, mimi pembeni yake kwenye kiti changu kile kile cha mafundisho, na watoto wakaingia mmoja mmoja.

Sikumwambia mtoto yeyote asimame, ila wote walisimama. Walifunga mikono kifuani kama nilivyowazoesha, wakanitazama mimi, si yeye. Nilipouliza, walirudia swali zima ndani ya jibu, kama katekisimu inavyotaka.

"Je, unaogopa unapolala?"

"Hapana, siogopi ninapolala."

"Je, unaota ndoto mbaya?"

"Hapana, sioti ndoto mbaya."

Kulikuwa na swali moja lililonishinda. Karatasi ilitaka nimuulize mtoto kama amewahi kutamani asingekuwa hai. Nililitazama swali lile nikaona kumuuliza mtoto neno kama hilo ni kumfungulia mlango wa dhambi. Kwa hiyo kwa Kifipa niliuliza: "Unamshukuru Mungu kwa uhai wako?" Wote wakajibu kwamba wanamshukuru Mungu kwa uhai wao. Mtafiti hakujua Kifipa. Nilimwambia, "Anasema hapana, hajawahi," naye akaandika.

Zamu ya yule msichana ilipofika, alijibu vizuri kuliko wote, bila kusita. Kwenye swali moja tu alinyamaza: "Je, kuna jambo unalojilaumu?" Akatazama miguu yake. Nilifanya nilivyozoea kufanya mwanafunzi anapokwama. Niliinua nyusi, nikasubiri, nikatikisa kichwa polepole kumwonyesha upande wa jibu. Akasema, "Hapana, hakuna jambo ninalojilaumu." Nikamwitikia kwa kichwa kwamba amepata.

Jioni ya siku ya tatu mtafiti alipanga karatasi zake kwenye benchi, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, watoto hawa wamejibu sawasawa wote," alisema. "Hata maneno yamefuatana."

"Wamelelewa vizuri," nilimjibu.

Hakucheka wala hakubisha. Aliuliza tu kama kesho anaweza kukaa nao bila karatasi.

Kesho yake asubuhi alikuja baba mkubwa wa yule msichana, kaka wa baba yake, mfanyabiashara wa maharage mjini Sumbawanga. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alinikuta nikifunga mlango wa kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina."

"Nasikia umemhoji binti yetu na huyo mtaalamu wa chuo. Vipi, kichwa chake kizima?"

"Mzima kabisa," nilisema. "Amejibu maswali yote."

"Nilijua. Basi Jumamosi namshusha kwa baba yake. Kuna lori la rafiki yangu linapita hapa asubuhi. Bibi yake amezeeka, na mtoto wa ukoo wetu hawezi kukulia kwa wakwe kama hana kwao."

Alinipa mkono, akaenda kwa bibi kumpa habari. Nilisimama pale nikiridhika kwamba nimesaidia familia. Ilikuwa Jumatano.

Adhuhuri nilipita nyuma ya kanisa nikasikia kelele za watoto. Walikuwa wamepanga matofali mabichi yakawa lori. Mmoja mbele alizungusha kifuniko cha sufuria, wengine wamerundikana nyuma, wote wakinguruma. Kisha wakapiga yowe pamoja wakajiangusha chini, wakalala kimya, macho wamefumba. Baada ya muda waliamka wakapanda tena. Damu ilinipanda. Niliona wanawachezea marehemu, tena kwenye uwanja wa kanisa. Nilishika fimbo iliyokuwa ukutani.

Mtafiti alikuwa amekaa kwenye jiwe, nami sikuwa nimemwona. Alisimama mbele yangu.

"Waache, mzee, nakuomba."

"Huu ni mchezo gani? Mama zao wako kaburini."

"Ndiyo maana wanacheza. Huko ndani walikujibu wewe. Hapa wanasema wenyewe." Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Mtazame yule."

Yule msichana hakuwa ndani ya lori la matofali. Alisimama mbele yake, katikati ya njia, amenyoosha mikono yote miwili, na kila wenzake walipoanza kunguruma alisema jambo moja kwa sauti ndogo. Nilisogea nikamsikia. Alikuwa akisema, "Shukeni. Tungoje lingine." Hawakumsikiliza. Walianguka, wakaamka, naye akarudi kusimama palepale. Nilihesabu mara tano, kisha nikaacha kuhesabu. Fimbo niliirudisha ukutani.

Siku ile moyo wangu haukutulia. Mtafiti alinieleza, kwa maneno ya kawaida, kwamba mtoto aliyepatwa na jambo la kutisha huweza kubaki na kiwewe ndani huku kwa nje anaonekana mtulivu kuliko wote. Na kwamba wengine huinuka tena vizuri, hasa wakiwa na mtu mmoja wa kuwasikiliza bila kuwasahihisha. Neno hilo la mwisho lilinichoma. Nilimuuliza kama kupanda lori Jumamosi kutamdhuru mtoto. Alisema hajui. Alisema asichopenda ni kwamba hakuna aliyemuuliza.

"Sisi tulimuuliza," nilisema.

"Tulimuuliza, mzee?"

Nilikumbuka lile swali nililolibadilisha, nikamuaga.

Alhamisi mtafiti alikwenda kwa bibi kupukuchua mahindi. Walikuwa wanawake wanne na yule msichana, wamekaa kuzunguka rundo. Nilisikia kicheko kabla sijafika.

"Wewe wa Mbeya, unakwangua au unabembeleza?" mmoja alikuwa akimwambia. "Mahindi hayapukuchuki kwa kalamu."

"Mwacheni, vidole vya chuo hivyo," akasema mwingine. "Gunia moja atamaliza Krismasi."

Mtafiti alicheka nao, vidole vimemwiva. Niliposogea wakanyamaza. Yule msichana, ambaye naapa niliona midomo yake ikisema, alisimama akafunga mikono kifuani. Akasema, "Shikamoo, mwalimu," akabaki amesimama akisubiri swali. Nilirudi nilikotoka. Sijawahi kutembea njia fupi ile kwa uzito kama siku ile.

Jioni mtafiti alinipita nje ya kanisa akielekea kwa mwenyekiti alikofikia. Nilimuuliza mtoto amesema nini.

"Siwezi kukuambia, mzee. Ameniambia mimi na bibi yake."

"Mimi ndiye mlezi wake wa imani."

"Najua. Lakini hata padre akitoka kwenye kitubio humwulizi."

Nilikasirika, nikaona huyu si Mkatoliki na ananifundisha kitubio. Lakini alikuwa na haki. Nilikuwa bado nimesimama pale bibi aliponifuata, kanga ameikaza, na vumbi la mahindi kwenye nyusi.

"Yeye mtaalamu amefungwa mdomo na kazi yake," alisema bibi. "Mimi sijafungwa, na mjukuu wangu amenikubalia. Keti, mwalimu."

Nikaketi kwenye ngazi ya kanisa.

"Siku ile ya ajali, mwanangu hakutaka kupanda lori lile," alisema. "Lilikuwa limejaa. Alitaka walale kwa mume wake, wangoje la kesho. Mtoto ndiye aliyelia. Alimvuta mama yake kanga, akalia mpaka watu wakacheka, mpaka mama akakubali. Unajua alikuwa anawahi nini?"

Nilijua kabla hajamaliza. Ajali ilitokea Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya mafundisho ya komunyo ya kwanza, na kulikuwa na kanuni niliyoiweka mwenyewe, haikutoka kwa paroko wala kwa askofu: atakayekosa Jumamosi moja ya mafundisho atasubiri mwaka mwingine. Niliiweka kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kubeba watoto kwenda magulioni. Niliisema mbele ya watoto kwa sauti kubwa, na niliona fahari walivyoogopa.

"Anasema yeye ndiye aliyemuua mama yake," bibi akamaliza. "Na kesho kutwa mnampandisha lori."

"Mama, sikujua."

"Hukujua. Ila ulimwambia baba mkubwa wake kwamba ni mzima. Hilo nalo nalisikia kila nyumba."

Alisimama akaenda. Nilibaki pale hadi jua likazama, nikijaribu kusali, na kila sala iliyonijia niliiona ni jibu la kukariri.

Ijumaa alasiri ukoo ulikutana uani kwa bibi kuagana na mtoto. Alikuwepo baba mkubwa, wazee wawili wa upande wa baba, bibi na dada zake, mwenyekiti, na mimi, kama ilivyo desturi, kwa ajili ya sala. Mtafiti aliomba ruhusa akakaa mwisho kabisa. Mtoto alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Nguo zake zilikwishafungwa kwenye kitenge.

Baba mkubwa alisema haraka. Mtoto ana baba, baba ana shamba, kuna shule kule, na mimi nimethibitisha kwamba hana tatizo. "Mwalimu, tuombee safari."

Nilisimama. Kusema nilichotaka kusema ilikuwa ni kuwaambia watu walionikabidhi watoto wao kwa miaka mingi kwamba sikuwasikiliza watoto hao.

"Kabla ya sala," nilisema, "niwaeleze. Yale niliyosema Jumatano si kweli."

Wazee waliinua vichwa.

"Watoto walinijibu mimi, hawakujibu maswali. Niliwaonyesha kwa uso jibu ninalolitaka, wakanipa. Swali moja nililigeuza kabisa, na mgeni huyu hajui mpaka dakika hii." Sikumtazama mtafiti. "Alipoulizwa kama anajilaumu, mtoto alinyamaza. Mimi nikamsukuma aseme hapana."

"Mwalimu, subiri," alisema baba mkubwa. "Juzi mzima, leo mgonjwa?"

"Juzi nilikuambia nilichopenda kiwe."

"Kwa hiyo mtoto asiende kwa baba yake kwa sababu wewe uliuliza vibaya?"

"Sijasema asiende. Na kuna jambo jingine." Nikawaambia kuhusu kanuni ya Jumamosi, jinsi nilivyoitunga na kwa nini. Niliwaambia mtoto alilia apande lori kwa sababu ya kuniogopa mimi. Mzee mmoja wa upande wa baba alitema mate pembeni. Ng'ombe wa Wasukuma waliohamia ng'ambo ya kijito walikuwa wanarudi, na tuliwasikia mpaka wakapita wote.

Kisha baba mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi aitwe. Tumuulize hapa."

"Ukimuita hapa mbele ya watu wazima wote hawa," alisema bibi, "atafunga mikono aseme ndiyo, baba mkubwa. Ndivyo alivyofundishwa."

Wakanitazama. Nilisema nilivyoweza: kwamba asiulizwe leo, kwamba lori lije, tumpeleke, na kitakachotoka kwake pale barabarani tukifuate, hata kama ni kunyamaza. Nikawaomba wote, nami nikiwa wa kwanza, tusimwonyeshe kwa macho. Baba mkubwa akasema, "Lakini akipanda, amepanda." Bibi hakupenda. Alikubali kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Sala niliifupisha.

Jumamosi niliahirisha mafundisho. Lori lilifika saa mbili, la bluu, limejaa magunia, na wanawake sita walikwishakaa juu wamejitanda blanketi. Dereva hakuzima injini. Baba mkubwa alikuwa na kifurushi cha kitenge mkononi. Bibi alimshika mtoto mkono mpaka ukingo wa barabara, kisha akamwachia, na najua alivyojizuia maana vidole vyake vilibaki vimejikunja.

Mtoto alisogea peke yake. Alifika kwenye tairi la nyuma, ambalo lilimfika kifuani, akalitazama. Kisha akainua macho kwa wale wanawake juu ya magunia.

"Panda, mwanangu, tukupe nafasi," mmoja alimwita. "Au unaogopa kuchafua sweta?"

Wenzake walicheka kidogo. Mtoto aligeuka, akanitafuta. Kwa mazoea yote ya maisha yangu kichwa changu kilitaka kutikisika, upande huu au ule. Nilifumba macho. Hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kukitegemea. Nikasikia injini, nikasikia dereva akipiga honi, nikasikia baba mkubwa akisema, "Haya, mama, tunachelewa," kwa upole, na nikahesabu pumzi zangu mwenyewe.

Kisha nikasikia sauti yake, si ile ya kanisani.

"Sipandi."

Nilifumbua macho. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu pembeni.

"Baba mkubwa, siku ile mimi ndiye niliyesema tupande," alisema kwa Kifipa. "Leo nasema sipandi."

Baba mkubwa alimwangalia, akaangalia kifurushi. Niliogopa atamnyanyua, alikuwa mtu mwenye nguvu, na lori ni la rafiki yake, na watu wanatazama. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akampa mtoto kifurushi chake.

"Nimesikia," alisema. "Nitamwambia baba yako kama ulivyosema."

Akapanda mbele kwa dereva. Mmoja wa wale wanawake juu ya magunia alifunua blanketi, akashuka kwa kushikilia kamba, akasimama kando ya barabara na kapu lake. Lori likaondoka bila yeye. Hakueleza, na hatukumuuliza.

Niliifuta ile kanuni Jumapili iliyofuata, mbele ya watoto na wazazi wao. Mtafiti alizichana karatasi za siku tatu zile mbele yangu bila kunilaumu, akakaa nasi wiki nyingine nne, akipukuchua na kusikiliza. Safari hii aliyemtafsiria alikuwa bibi. Mimi sikukaribishwa, na ilikuwa sawa. Mtoto alichukua muda mrefu kuacha kusimama aliponiona. Namshukuru Mungu alinipa uhai wa kungoja.

Baba yake alikuja mwezi wa tisa, alipomaliza kupura mpunga. Kijijini tulikuwa tumemsema vibaya miezi yote ile, kwamba amemsahau mwanawe. Niliwakuta uani kwa bibi: yeye kwenye kigoda, viatu amevivua, miguu imevimba na vidole viwili vimepasuka, na binti yake amechuchumaa mbele yake na beseni la maji ya moto.

"Baba, umekuja na gari gani?" alikuwa akimuuliza.

"Sikuja na gari," alisema baba. "Nimepanda mlima kwa miguu. Tangu mama yako afariki, na mimi magari siwezi."

Mtoto aliingiza mkono kwenye maji kuona kama yamepoa, akaongeza ya baridi kidogo, akaushika mguu wake mmoja akautia ndani.